MGB imelala upande wa dereva: usiongeze jani kabla ya kupima

Swali: Habari Fundi. Marehemu baba aliniachia MGB GT ya 1971, ya rimu za spoku, iliyokaa miaka mingi chini ya mparachichi huko Limuru. Injini sasa inawaka vizuri, lakini nyuma imelala upande wa kulia. Kila nikipita tuta nasikia kishindo, na nikiachilia klachi ili niondoke kuna mlio wa "ko!" chini ya gari. Fundi mmoja wa springi Kariobangi ameniambia niongeze jani moja la Hilux kila upande, kazi ya nusu siku. Jirani yangu anasema ning'oe kila kitu niweke shoki za kisasa. Nimfuate nani, na nianzie wapi? *Msomaji, Ruaka*

Jibu: Dada, pole kwa kuondokewa na mzee, na hongera kwa kutoliuza gari lake kwa bei ya chuma chakavu. Usiweke jani la Hilux. Kuhusu shoki za kisasa nitakueleza huko chini, lakini si mahali pa kuanzia. Umenitajia dalili tatu, na mimi nikizisikia sioni ugonjwa mmoja bali mitatu. Springi iliyochoka hulala tu, haipigi kelele ya "ko!".

Ujue kwanza ulicho nacho. MGB, gari dogo la michezo, iliundwa Abingdon, Uingereza, kuanzia 1962 hadi 1980, zikatoka zaidi ya 500,000, na muda huo wote nyuma yake ilibaki ya mtindo uleule: ekseli nzima yenye difu katikati, inayobebwa na springi mbili za majani, pamoja na shoki za mkono za Armstrong, yaani kisanduku cha mafuta chenye mkono unaopanda na kushuka na ekseli. Hakuna chuma kingine kinachoishika ekseli isisogee mbele, nyuma wala kando. Springi hizo hizo zinabeba uzito, zinalisukuma gari, na zinaizuia ekseli isijipindue ukikanyaga mafuta. Kwa hiyo bushi iliyokufa hapa si jambo la starehe tu. Bushi ya mbele ya springi ikiisha, ekseli yenyewe inaanza kutembea, na gari linajiendesha kwa usukani wa nyuma ambao hukuuomba.

Tuanze na kulala upande, kwa sababu ndilo linalowaingiza watu gharama bure. MGB za usukani wa kulia zina tabia ya kuchoka upande huo: dereva anakaa kulia, tangi la petroli liko kulia chini ya buti, na wengi huendesha peke yao. Inawezekana kabisa springi yako ya kulia imechoka. Lakini pia inawezekana springi ya koili ya mbele ndiyo iliyoshuka, na nyuma inafuata tu kwa mshazari. Toa vitu vyote kwenye buti, jaza upepo sawa kwenye tairi zote, lisukume gari mbele na nyuma mara kadhaa ili litulie, kisha pima kutoka katikati ya gurudumu kwenda juu hadi ukingo wa matao ya bodi, pembe zote nne. Mahali pawe tambarare kweli. Uwanja wa stesheni ya petroli haufai, maana mwingi umejengwa kwa mteremko wa kupitisha maji.

Baada ya kuandika vipimo, weka jeki katikati kabisa ya boriti ya mbele inayobeba injini, inua kidogo mpaka tairi za mbele zielee, kisha upime nyuma tena. Ukiinua katikati, mbele haina tena uwezo wa kuinamisha gari upande wowote. Kama nyuma imenyooka, ugonjwa uko mbele na mimi na wewe tunaongea habari nyingine. Kama bado imelala kulia, ni springi za nyuma, au ni chuma cha bodi kinachozishikilia. Tofauti ya sentimita moja kati ya kulia na kushoto usiihangaikie. Magari haya yalitoka kiwandani nayo.

Sasa ule mlio wa "ko!". Wewe una rimu za spoku, na hizo haziungwi kwa nati nne kama rimu za kawaida. Zinavaa juu ya habu yenye meno, na meno hayo huisha, hasa gari likikaa bila grisi. Inua nyuma, weka stendi, mwambie mtu akanyage breki kwa nguvu, kisha shika gurudumu ulizungushe mbele na nyuma kwa mikono. Gurudumu likicheza huku habu imesimama tuli, umempata mwizi wa kwanza. Kama halichezi, achilia breki, zuia gurudumu moja, na uzungushe shafti ya propela kwa mkono. Ukisikia nafasi kubwa kabla difu haijashika, ni wesha za ndani ya difu zilizolika, ugonjwa wa kawaida kwa ekseli ya bomba ambayo GT zote, yaani MGB zenye paa la chuma, zinayo. Wesha hizo zinabadilishwa bila kuvunja mpangilio wa gia za difu, na bei yake ni ndogo. Angalia pia misalaba ya shafti. Nataka uyafanye haya kabla hujalegeza bolti hata moja ya springi, vinginevyo utamaliza kazi yote, utaondoka Ruaka, na "ko!" itakusindikiza hadi mjini.

Kishindo cha tuta kina orodha yake fupi: mpira wa kuzuia ekseli isigonge bodi umemomonyoka au umedondoka, mkanda wa kuzuia ekseli isining'inie sana umekatika, kiungo kifupi cha shoki kimeisha bushi, au bolti mbili zinazoifunga shoki kwenye bodi zimelegea. Hii ya mwisho hupatikana mara nyingi kuliko watu wanavyodhani. Bomba la moshi nalo hupita karibu na ekseli, na likining'inia vibaya hugonga kwa mlio uleule.

Kabla ya kununua chochote, lala chini na bisibisi nene. Gari lililokaa chini ya mti Limuru limekaa kwenye unyevu. Springi inashikwa mbele kwenye kisanduku cha chuma kilichochomelewa kwenye sakafu nyuma ya viti, na nyuma kwenye ncha ya boriti chini ya buti. GT yako ya 1971 ina betri mbili za volti 6 zilizowekwa hapo nyuma ya viti, jirani kabisa na vile visanduku vya mbele, na asidi iliyomwagika kwa miaka hamsini haina huruma. Chokonoa kwa nguvu. Bisibisi ikizama, simamisha kazi ya springi. Hapo unahitaji fundi wa kuchomelea anayekata chuma kilichooza na kuweka kipya cha unene uleule, si anayebandika bamba juu ya kutu na kupaka rangi nyeusi. Springi mpya kwenye kisanduku kilichooza itapanda ndani ya gari siku moja ukiwa kwenye mwendo.

Turudi kwa fundi wa Kariobangi. Simdharau. Nairobi ina mafundi wa springi ambao miji mingi ingewatamani. Matatu na malori yamewapa kazi kila siku tangu zamani, na wanajua chuma kwa kuangalia rangi yake motoni. Shida ni kwamba wamezoea gari linalobeba, na dawa ya gari linalobeba ni kuongeza. Ugumu wa jani haupandi sambamba na unene wake. Unapanda kwa unene uliozidishwa kwa wenyewe, yaani unene × unene × unene. Jani lenye unene mara mbili lina ugumu mara nane. Chukua mfano wa jani la milimita 8 likiwekwa kati ya majani ya milimita 5.5: hilo moja lina ugumu wa karibu matatu ya yale. Gari litainuka, ndiyo, na siku ya kwanza utafurahi. Kisha nyuma itakuwa inaruka badala ya kufuata barabara, shoki ndogo ya mkono itashindwa kuituliza, na kwenye kona yenye mvua nyuma itatangulia. Mzigo wote wa matuta utapelekwa kwenye vile visanduku tulivyovichokonoa.

Kuna kazi mbili ambazo fundi huyo anaweza kukufanyia vizuri. Ya kwanza ni kuzifungua springi zako, kuzisugua kutu, na kuangalia kila jani kama lina ufa, hasa pale bolti ya katikati inapopita na pale ncha ya jani fupi inapokandamiza jani refu. Ya pili ni kuzikunja upya kama zimelala lakini hazina ufa. Hapa muulize atazikunja vipi. Akisema atazigonga zikiwa baridi, zitarudi kulala kabla ya Krismasi. Akisema atapasha sehemu moja kwa gesi kisha azimishe kwa maji, mshukuru uondoke, kwa sababu jani hilo litakuwa gumu na rahisi kuvunjika hapo hapo lilipopashwa. Jibu unalolitaka ni jani zima kuingia tanuri hadi takriban nyuzi 850 au 900, kukunjwa, kuzimwa ndani ya mafuta, kisha kurudishwa motoni kwenye nyuzi 450 hadi 500 ili ugumu upungue na unyumbufu urudi. Hatua hii ya mwisho ndiyo inayorukwa. Zikunjwe zote mbili pamoja, zilingane. Ukikunja ya kulia peke yake utahamisha ulalo kwenda kushoto.

Mimi ningekuwa wewe, majani yakiwa na ufa au yamelika kwa kutu, ningeagiza springi mpya kutoka Uingereza, ambako vipuri vya MGB bado vinatengenezwa. Ni nzito na usafirishaji unauma, kwa hiyo ziunganishe na shehena ya mtu mwingine kwa meli kama unaweza kusubiri. Andika wazi kwamba ni GT ya 1971 ya bampa za kromu. GT ina springi ngumu kuliko ile isiyo na paa, na magari ya kuanzia mwishoni mwa 1974, ya bampa nyeusi za mpira, yaliinuliwa ili yakidhi sheria za Marekani. Ukiletewa za hayo, nyuma ya gari lako itasimama juu bila sababu. Vitu vya mpira ni vyepesi. Agiza seti nzima kwa ndege na uachane na zile bushi zinazochongwa kwa tairi kuukuu. Zinafaa mkokoteni.

Kwenye bushi watu watakuambia uweke za polyurethane kila mahali kwa sababu hazifi. Mimi naziweka kwenye sheko tu, vile vipande viwili vinavyoning'iniza ncha ya nyuma ya springi, ambako kila upande unachukua nusu-bushi nne. Kwenye jicho la mbele naweka mpira wa kawaida ulioshikamana na chuma, kwa sababu springi ya majani lazima ijipinde kidogo gari likiinama kwenye kona, na mpira unaruhusu hilo. Ukivalisha bushi ya mpira usitumie grisi ya kawaida, inaula. Maji ya sabuni yanatosha.

Kufungua kwenyewe kutategemea bolti moja: ile ya mbele ya springi. Hushikana na kutu ndani ya bomba la chuma la bushi, na ukiizungusha kichwa kinageuka lakini bolti haitoki. Imwagie mafuta ya kulainisha kutu jioni baada ya jioni kwa wiki nzima kabla ya kazi. Ikikataa kabisa, ikate kwa msumeno kati ya springi na kisanduku. Usiruhusu mtu alete moto wa gesi hapo tangi likiwa kwenye gari. Jambo jingine, nyuzi za bolti za gari hili ni za UNF, kipimo cha inchi, na spana zake ni za inchi. Nati ya nusu inchi ni milimita 12.7, kwa hiyo spana ya 13 inaonekana kukaa, kisha inakula pembe. Ile ya 9/16 ni milimita 14.3; spana ya 14 haiingii na ya 15 inateleza. Tafuta seti ya inchi Kirinyaga Road, hata kuukuu, na ukiwa huko nunua bolti na nati mpya za nyuzi hizo zenye daraja la nguvu lililopigwa muhuri kichwani.

Gari likae juu ya stendi imara zilizowekwa chini ya bodi, mbele kidogo ya visanduku vya springi, magurudumu ya mbele yakiwa yamezuiwa. Si mawe, si rimu kuukuu. Ekseli ibebwe na jeki yake yenyewe chini ya difu. Kuna mpira mmoja tu wa breki unaotoka kwenye bodi kwenda kwenye ekseli. Ukiiachia ekseli ining'inie, mpira huo ndio utakaoibeba. Ufungue kabla, au uubadilishe kabisa, maana kama ni wa zamani ulishapasuka kwa ndani. Ukiwa hapo toa madramu ya breki uone kama sili za ekseli zinavuja mafuta kwenye viatu vya breki.

Shoki sasa. Jirani yako ana hoja, ila ameitoa mapema. Shoki ya mkono ikiwa nzima inafanya kazi vizuri kuliko sifa yake. Ifungue kwenye kiungo chake, shika mkono wake, usukume chini na juu polepole. Uzito uwe sawa safari nzima. Ukikuta sehemu mkono unadondoka bila kuzuiwa, mafuta yamepungua au hewa imeingia. Futa uchafu wote kabla ya kufungua kizibo cha juu, kwa sababu punje moja ya mchanga humaliza vali. Jaza mafuta ya foku za pikipiki ya SAE 20, yanayopatikana kwa wauza vipuri wa bodaboda, na pampu mkono taratibu huku shoki imesimama wima, mpaka hewa iishe. Usitie mafuta ya breki. Ikiwa inavuja pale shafti inapotokea, au shafti inacheza kando, kujaza ni kupoteza muda. Inahitaji kukerezwa na kuwekewa bushi na sili mpya, na wapo Uingereza wanaouza zilizofanyiwa hivyo kwa kubadilishana na kuukuu.

Shoki za bomba, zile za kisasa anazozisema jirani, zinaweza kufungwa kwa vyuma vya kuongezea, na kwa mtu anayekimbiza gari kwenye mashindano naelewa. Lakini vyuma vingi vya aina hiyo vinapeleka nguvu mahali ambapo Abingdon haikupanga, na gari la namna hii, ambalo siku moja huenda ukalipeleka Concours, yale mashindano ya magari yaliyotunzwa, pale Ngong Racecourse, linapendeza likiwa na vyake. Uamuzi ni wako. Ukiweka za bomba, chagua laini.

Kurudisha kuna sharti moja ambalo mafundi wengi hulikiuka kwa haraka. Kichwa cha bolti ya katikati ya springi lazima kikae sawasawa ndani ya tundu la kiti cha ekseli, pamoja na pedi zake za mpira juu na chini. Kikikaa pembeni, ekseli itakuwa mshazari. Kisha bolti ya mbele na nati za sheko zifunge kwa mkono tu, zishike. Shusha gari juu ya magurudumu yake, jaza tangi nusu, kaa ndani mtu mmoja au wawili, litikise mara kadhaa, ndipo ukaze kabisa. Ukikaza gari likiwa limening'inia, bushi ya mpira itashikwa katika hali ya kuning'inia, na ukilishusha itabaki imepindwa siku zote. Gari litasimama juu kwa wiki chache, utasema springi mpya ni ngumu, kisha mpira utachanika na utarudi ulikokuwa. Springi nyingi nzuri zimetukanwa kwa kosa hili la kukaza.

Ukishakaza, pima tena pembe nne, kisha pima kutoka katikati ya gurudumu la mbele hadi la nyuma kila upande, usukani ukiwa umenyooka. MGB ina inchi 91, yaani milimita 2311 au karibu hapo, na muhimu zaidi ni pande zote mbili zilingane. Ukiona bado imelala kulia kidogo na springi zote ni mpya, zibadilishane upande. Za kulia na kushoto ni sawa. Ulalo ukihama, ni springi. Ukibaki, rudi kwenye bodi na bisibisi yako.

Nenda nalo hadi Banana na kurudi, polepole, kwa matuta yale yale uliyoyazoea. Baada ya kilomita 300 hivi, kaza tena yubolti zote nne zinazoifunga ekseli kwenye springi, kwa sababu pedi za mpira hukaa na kulegeza. Na kwa fundi wa Kariobangi, mpelekee springi zako, kama hazina ufa, hata kama utaagiza mpya. Akizikunja vizuri kwa tanuri na mafuta, utakuwa na seti ya akiba, na pengine hutahitaji ile ya Uingereza.